Land Rover Lightweight ya jeshi: kutoka hati ya kuuzwa hadi kibao cha namba

Gari la mradi huu ni Land Rover Series III Lightweight ya Jeshi la Uingereza: inchi 88 kati ya ekseli mbili, injini ya petroli yenye ujazo wa cc 2,286, umeme wa volti 24 kwa sababu ni aina ya FFR, yaani lililoundwa tayari kufungwa redio. Liliingia jeshini 1976. Tangu lilipouzwa halijawahi kupewa namba ya kiraia. Mekanika zimeshakaa sawa, kilichobaki ni kulisajili DVLA, wakala wa usajili wa magari wa Uingereza, Swansea, na kulitembeza barabarani bila wasiwasi. Kumbukumbu hii ni ya karatasi zaidi kuliko spana, maana breki iliyokwama unaweza kuifungua kwa nyundo, lakini tarehe isiyo na ushahidi haifunguki kwa nyundo yoyote.

Namba ya chesisi kwanza

Gari la jeshi lina namba mbili. Ya kwanza ni namba ya jeshi, tarakimu mbili, herufi mbili, tarakimu mbili, iliyopakwa rangi kwenye bampa na nyuma. Hii usiiamini mpaka uithibitishe. Wamiliki waliopita hupaka namba wanayoipenda, au ya gari jingine waliloliona kwenye picha. Ya pili ni namba ya chesisi, na hiyo ndiyo DVLA wanayoitaka. Kwenye Series III za kabla ya mwisho wa 1979 ni tarakimu nane na herufi moja mwishoni. Tarakimu tatu za mwanzo zinataja aina ya gari. Baada ya hapo Land Rover walihamia mfumo mrefu wa VIN, yaani namba ya utambulisho wa gari.

Vibao vya alumini vilivyo ndani ya gari vimefungwa kwa skrubu, na kilichofungwa kwa skrubu huhama. Tafuta namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe: upande wa kulia mbele, kwenye pembe ya chesisi inayoshika springi. Mara nyingi hapo pana tabaka kadhaa za rangi ya kijani, grisi iliyokauka na kutu. Usipeleke grinda pale. Namba imegongwa kwa kina kidogo, grinda inaila kwa sekunde chache, na chesisi iliyofutika namba inaonekana kama gari la wizi. Paka dawa ya kutoa rangi, iache ifanye kazi, sugua kwa brashi ya waya ya shaba (si ya chuma), kisha futa kwa spiriti. Namba ikiwa bado haisomeki, paka chaki nyeupe juu yake, pangusa kwa kidole, chaki itabaki kwenye mifereji. Piga picha tochi ikiwa imelala ubavuni mwa chuma, isimulike kwa mbele. Kivuli ndicho kinachotofautisha 3 na 8. Ukimaliza, paka mafuta ya kuzuia kutu, usipake rangi nzito tena.

Namba ya injini iko upande wa kushoto wa bloku, mbele, karibu na manifoldi ya ekzosi. Isipofanana na ya kwenye hati usishtuke: karakana za jeshi zilibadilisha injini kama kubadilisha betri. Kwenye fomu unaandika ile iliyomo garini leo.

Kabla ya kwenda mbali, hakikisha kweli gari halikuwahi kusajiliwa. Angalia matundu ya skrubu ya kibao cha zamani, karatasi ya kodi iliyobaki kwenye kioo (zilikoma kutumika Oktoba 2014), risiti za zamani za matengenezo. Likiwa na namba ya kiraia iliyomo kwenye kompyuta ya DVLA, na kilichopotea ni V5C tu, yaani kitabu cha usajili, fomu yako ni V62. Likiwa na namba ya zamani isiyomo kwenye kompyuta, ni V765, na utahitaji klabu ya magari ya zamani inayotambuliwa na DVLA ikusainie. V55/5 ni kwa gari lililotumika ambalo linasajiliwa mara ya kwanza. Ukiituma kwa gari ambalo tayari lina namba, unatengeneza magari mawili kwenye rekodi kutoka chuma kimoja, na kulitatua hilo ni kazi ndefu kuliko usajili wenyewe.

Ushahidi wa umri

Hapa ndipo gari linapopata au kukosa thamani yake. Bila ushahidi wa tarehe, DVLA hutoa namba ya Q, ambayo haisemi umri wowote. Ukiwa na ushahidi unapata namba inayolingana na mwaka: gari la kati ya Agosti 1975 na Julai 1976 huangukia herufi P mwishoni, la kuanzia Agosti 1976 huangukia R. Namba hizi haziwezi kuhamishiwa gari jingine, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba utaiuza.

Karatasi bora kuliko zote ni Fomu 654 ya Wizara ya Ulinzi, hati ya kulitoa gari jeshini. Inataja chesisi na namba ya jeshi pamoja, na ndiyo inayoziunganisha zile namba mbili. Unaponunua, idai hati halisi mkononi. Muuzaji akisema "nitakutumia kwa posta," hesabu kwamba haipo, na bei ishuke kwa kiasi hicho.

Isipokuwepo, kuna njia tatu za kuizunguka. Makumbusho ya Royal Logistic Corps, kikosi cha ugavi cha jeshi, hushughulikia kadi za magari ya jeshi yasiyo ya deraya. Unawapa namba ya jeshi, unapata historia ya vikosi lilikopita. British Motor Industry Heritage Trust, Gaydon, hutoa cheti kutoka daftari la kiwanda, chenye tarehe ya kuundwa kwa namba ya chesisi. Na klabu inayotambuliwa na DVLA, kama Military Vehicle Trust, inaweza kulikagua gari na kuandika barua ya tarehe. Kwa mradi huu tumeona ni busara kuwa na mbili kati ya hizo hata kama 654 ipo. Kadi ikisema mwaka mmoja na cheti cha kiwanda mwaka mwingine, hilo si kosa lazima: gari linaweza kutoka kiwandani mwishoni mwa mwaka na kukaa ghalani miezi kabla ya kupewa kikosi. Eleza hivyo kwenye barua ya kusindikiza, mistari miwili inatosha. Ukiacha afisa agundue mwenyewe, bahasha itarudi.

Jambo la mpangilio: chesisi mpya ya mabati isubiri. Wengi hununua gari lililooza, wanahamisha kila kitu kwenye chesisi mpya, kisha ndipo wanaanza usajili. Wakati huo namba iliyogongwa imekwenda na vyuma chakavu. Hadi Agosti 2025 gari lililobadilishwa sana DVLA walilipima kwa pointi: chesisi ya asili au mpya kabisa 5, springi na mfumo wake 2, ekseli 2, giaboksi 2, usukani 2, injini 1. Zilihitajika 8 au zaidi, na 5 za chesisi ilikuwa lazima ziwemo. Chesisi ya kuokoteza kutoka gari jingine iliziua zile 5 na uliishia Q. Sajili kwanza, badilisha baadaye, na hata hapo ununue mpya yenye risiti.

Bahasha ya Swansea

Kilichoingia: V55/5 iliyojazwa kwa wino mweusi na herufi kubwa, Fomu 654, cheti cha Gaydon, nakala ya kitambulisho na ya uthibitisho wa anwani, picha za gari zikiwemo za namba iliyogongwa, hundi ya ada ya usajili ya pauni 55, na fomu V112 ya kutangaza kuwa gari halihitaji MOT, yaani ukaguzi wa lazima wa kila mwaka. Mwongozo wa kujaza unaitwa V355/5. Usome ukiwa na fomu pembeni. Visanduku vingi, hasa vya hewa chafu na vibali vya aina ya gari, havihusu gari la umri huu, viache wazi. Kinachorudisha fomu nyingi ni tarakimu moja ya chesisi iliyokosewa, au rangi iliyoandikwa kwa jina la kijeshi. Andika kijani. Si lazima waijue rangi ya NATO.

Kodi: gari lililoundwa zaidi ya miaka 40 nyuma huingia daraja la magari ya kihistoria, na ada yake ni sifuri. Mstari unasogea kila 1 Aprili. Sifuri haimaanishi hakuna kodi; kila mwaka lazima uombe upya, au utangaze SORN (tamko kwamba gari haliko barabarani) kama limelala. Daraja hili pia ndilo linaloliondoa gari kwenye ada ya ULEZ, eneo la London linalotoza magari yenye moshi mchafu, mradi halifanyi biashara.

MOT ni habari nyingine. Tangu 20 Mei 2018 gari la zaidi ya miaka 40 limesamehewa kama halijabadilishwa kwa kiasi kikubwa ndani ya miaka 30 iliyopita. Ukitoa injini ya silinda nne ukaweka V8, msamaha una mashaka. Hata hivyo sisi tunalipeleka kwa hiari. Karakana inaweza kuliandikisha kwa namba ya chesisi kabla halijapata kibao, bima nayo hutolewa kwa namba hiyohiyo, na ni halali kuliendesha kwenda kwenye miadi ya MOT iliyokwisha kupangwa. Jicho la mtu asiyelipenda gari lako lina faida yake.

Gari likitoka nje, mfano Lightweight za dizeli za jeshi la Uholanzi zenye usukani wa kushoto, kuna hatua kabla ya zote hizi: NOVA, taarifa ya gari lililoingizwa nchini, kwa HMRC, mamlaka ya kodi, ndani ya siku 14 tangu liingie. Bila hiyo DVLA hawaligusi. Taa kubwa nazo lazima zibadilishwe, maana zinainamisha mwanga upande usiofaa.

Umeme wa volti 24 na taa

Hapa spana inarudi. Betri mbili za volti 12 zimeunganishwa mfululizo. Balbu ya volti 12 ikiwekwa kwa bahati mbaya inawaka kama jua na kufa papo hapo, na duka la kawaida halina balbu za 24, kwa hiyo weka akiba: za watti 21 kwa breki na indiketa, za watti 5 kwa taa ndogo. Fleshi ya indiketa pia iwe ya volti 24. Usikubali ushauri wa kuchukua volti 12 kutoka betri moja kwa ajili ya redio au chaja ya simu: betri hiyo hushuka, mwenzake huchajiwa kupita kiasi, na zote mbili zinakufa. Tumia kibadilishi cha 24 kwenda 12.

Kuhamisha gari zima kwenda volti 12 kunawezekana, lakini orodha ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani: stata, oltaneta, koili, mota ya waipa, balbu zote, fleshi, pamoja na waya na plagi zenye koti la chuma za kuzuia makelele ya redio. Kwa maoni yetu haina maana kama mfumo wa 24 uko mzima.

Swichi ya duara ya taa ndiyo inayowaangusha wengi. Ina nafasi ya msafara, ambayo huzima kila kitu na kuacha taa ndogo chini ya gari inayomulika kikombe cha difu ya nyuma kilichopakwa nyeupe, ili dereva wa nyuma afuate doa hilo gizani. Katika nafasi hiyo taa za breki na indiketa zinaweza kukatika. Mkaguzi akikanyaga breki swichi ikiwa hapo, umefeli. Tumeweka kizuizi kidogo cha chuma nyuma ya kishikio ili kisifike nafasi ile. Kinatoka kwa skrubu moja siku ya maonyesho. Taa ya ukungu ya nyuma haidaiwi kwa gari lililoanza kutumika kabla ya 1 Aprili 1980.

Matairi: usichanganye radiali na ya nyuzi mshazari kwenye ekseli moja, wala usiweke radiali mbele na mshazari nyuma. Vyote viwili ni kosa kisheria, na vingi vya vifurushi vya matairi ya jeshi ni mchanganyiko.

Benchi za pembeni nyuma hazina mikanda. Mtoto wa chini ya miaka 3 haruhusiwi kupanda kwenye benchi hizo kabisa.

Vibao

Kwa kuwa liliundwa kabla ya 1 Januari 1980 na liko daraja la kihistoria, linaruhusiwa vibao vyeusi vyenye herufi za fedha. Herufi ziwe na urefu wa milimita 79, upana 50, unene wa mstari 14, nafasi ya 11 kati ya herufi na 33 kati ya makundi. Nyuma ya Lightweight hakuna pa kukiweka: kona zimejaa taa na ndoano. Tumetumia kibao cha mistari miwili kushoto, chini ya taa, na taa yake yenyewe ya volti 24. Namba ya jeshi imebaki kwenye bampa ya mbele, lakini mbali na kibao, kamera zisichanganyikiwe.

V5C ikifika, DVLA wanasema hadi wiki 6, soma kila mstari siku hiyohiyo: chesisi, cc za injini, tarehe ya kwanza kusajiliwa, daraja la kodi. Kisha mpigie wa bima abadilishe chesisi kuwa namba ya gari, vinginevyo gari halionekani kwenye hifadhi ya bima na polisi watalisimamisha.

Kilichobaki kwenye mradi: soketi ya trela ya NATO yenye pini 12, inayohitaji adapta ya kwenda soketi ya kiraia ya pini 7 na kipunguza volti, maana trela ya kiraia ni ya volti 12.