Tiketi Nne za Mwanza

Ujumbe uliingia saa kumi na mbili asubuhi, nikichuja chai. Safari zote za shirika letu la ndege zimesitishwa "kwa sababu za kiuendeshaji". Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na harusi ya mdogo wangu Mwanza ilikuwa Jumamosi. Tulikuwa na tiketi nne za kwenda na kurudi kutoka Dodoma kupitia Dar es Salaam, shilingi 380,000 kila moja. Mama alikuwa ameshafunga begi, na boksi la zabibu za Makutupora lilikuwa limekaa mlangoni kama abiria wa tano.

Dalili zilikuwepo. Shirika lilikuwa limebakiwa na ndege moja kati ya tatu, huku likiuza kwa bei ya kutupa tiketi za miezi minne mbele. Shirika linaloishiwa hununua mafuta ya leo kwa nauli za wasafiri wa kesho. Muuza mafuta akianza kudai fedha taslimu, na mwenye ndege za kukodi akija kuchukua mali yake, safari hukatika kwa usiku mmoja. Nilijua hayo yote na bado nilinunua, kwa sababu bei ilikuwa tamu.

Dada yangu alikuwa ameshafungua ukurasa wa shirika, kidole kikielea juu ya kitufe cha "Futa safari". Nilimpokonya simu. Ukifuta mwenyewe, kumbukumbu inaonyesha abiria ndiye aliyeghairi, na tiketi za bei rahisi masharti yake ni kwamba anayeghairi harudishiwi kitu. Hivyo hivyo kwa vocha ya kusafiri baadaye: ukiipokea, umekubali kulipwa kwa ahadi ya anayekufa. Tuliacha tiketi zilivyo, tukapiga picha za skrini kabla tovuti haijazimwa: tangazo, ratiba, namba ya buking yenye herufi na tarakimu sita, na namba ya tiketi yenyewe, tarakimu 13. Kisha nikaandika barua pepe ya mistari mitatu kudai fedha. Sikutegemea jibu. Nilihitaji ushahidi kwamba nilidai.

Tofauti yetu ilikuwa kwenye malipo. Tiketi mbili nilikuwa nimelipa mtandaoni kwa kadi ya benki. Nilipotaka kulipa nyingine, kadi ikagoma: nilikuwa nimefikia kikomo cha manunuzi ya mtandaoni kwa siku. Badala ya kusubiri kesho yake, nilikwenda kwa wakala karibu na Jamatini nikalipa mbili zilizobaki kwa simu.

Saa tatu nilikuwa benki. Kijana wa dirishani alinipa fomu ya kupinga muamala, na kwa wema kabisa akaniwekea alama kwenye kisanduku cha "Sikufanya muamala huu". Hapo ndipo wengi huharibikiwa. Kisanduku hicho ni cha wizi: kadi inafungwa, uchunguzi unaonyesha ulilipa mwenyewe, dai linakufa. Nikaomba fomu mpya, nikajaza "Huduma haikutolewa".

"Lakini dada, umechelewa," akasema. "Mwisho ni siku 120, na wewe ulilipa siku 131 zilizopita."

Kwa huduma ya baadaye, siku 120 hizo hazianzi siku ya kulipa. Huhesabiwa tangu tarehe ambayo huduma ilitakiwa kutolewa, au siku ulipojua haitatolewa, mradi zisipite siku 540 tangu muamala wenyewe. Nilimwomba amwite msimamizi wa kitengo cha kadi. Akaja, akasoma tarehe ya safari, akagonga muhuri.

Kwa wakala mambo yalikuwa mengine. Swali langu lilikuwa moja: "Kaka, fedha yangu umeshaipeleka?" Mawakala wanaouza kupitia mfumo wa malipo wa IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, hukusanya mauzo na kuyapeleka kwa vipindi, kwa hiyo shirika likisimamishwa kabla ya siku ya kulipa, fedha yaweza kuwa bado haijaondoka. Huyu wangu alikuwa anakata tiketi kutoka salio aliloweka kwa shirika kabla ya kuuza. Yangu ilikwenda dakika ileile, na yeye mwenyewe alikuwa na milioni mbili ndani. Tukabaki tunatazamana. Kampuni ya simu nayo ikasema fedha ilimfikia aliyekusudiwa, hakuna kosa la namba, hakuna cha kurudisha.

Jioni shemeji alipiga kutoka Uingereza. Kwa nini serikali haiwaleti watu? Yeye alikuwa na Monarch akilini, shirika la ndege la huko: Oktoba 2017 lilipoanguka, mamlaka ya anga ilikodi ndege na kuwarudisha nyumbani watu zaidi ya 80,000. Wanao pia mfuko wa ATOL wa kuwalinda wasafiri, ambao wauzaji wa vifurushi vya safari huuchangia paundi 2.50 kwa kila msafiri. Nilimwambia sisi tumekata tiketi ya basi.

Tulipita Manyoni, Singida, Nzega, Shinyanga, siku nzima. Zabibu za juu zilifika salama, za chini zikawa juisi.

Fedha ya kadi, shilingi 760,000, iliingia wiki ya saba. Msimamizi alinionya nisiitumie kwanza, kwa kuwa benki ya upande wa pili, inayolipokelea shirika malipo ya kadi, bado ilikuwa na nafasi ya kupinga. Haikupinga, ingawa shirika likiwa limekufa hasara ile inabaki kwake. Ndiyo maana benki hizo, zikinusa shida, huzuia fedha za tiketi zisifike kwa shirika, na kuzuia huko huliua haraka zaidi.

Kwa tiketi mbili za simu nilijaza fomu ya kuthibitisha deni kwa mfilisi, nikaambatisha risiti. Gharama za ufilisi hutangulia, wenye dhamana juu ya mali wana chao, kisha mishahara na kodi. Abiria tuko mwisho, pamoja na waliouza maji ya chupa na karatasi za ofisini. Nakala yangu iko kwenye faili la kijani. Nilipohama Makole kwenda Kisasa nililibeba, na wakala yule bado hunipigia mara mojamoja kuuliza kama kuna barua.