Chapati Alipobaki Peke Yake

Ndengu alikufa alfajiri ya Jumanne, katikati ya Julai, majira ambayo baridi ya Nakuru huwafanya watu wavae majaketi hata wakiwa ndani ya nyumba. Alikuwa simbilisi (guinea pig) dume wa miaka mitatu, mwenye manyoya ya kahawia na doa jeupe juu ya pua, na tangu utotoni alikuwa amelala ubavuni mwa ndugu yake Chapati katika kizimba kilicho kwenye kona ya sebule yetu huku Lanet. Ninamwandikia yeyote ambaye leo amebaki na mnyama mmoja pale palipokuwa na wawili, kwa sababu siku zile nililia kwanza kisha nikafikiri baadaye, na Chapati alihitaji nifikiri mapema zaidi.

Chanzo cha kifo chenyewe nitakieleza kwa ufupi, kwa kuwa huenda kikaokoa mnyama wa mtu mwingine. Ndengu alikuwa na kidonda kidogo kwenye unyayo, nami nikaenda kwenye agroveti moja ambako nilipewa dawa ya kunywesha ya jamii ya penisilini, nikiambiwa kwamba inafaa wanyama wote. Haifai. Simbilisi akinyweshwa penisilini au amoksilini, bakteria wema wa tumboni mwake hufa na wale wanaotoa sumu huzaliana bila kizuizi. Siku ya tatu alianza kuhara, siku ya tano akafa. Daktari wa mifugo aliyenieleza haya nilimfikia nikiwa nimeshachelewa.

Kwa kuwa ugonjwa huo haukuwa wa kuambukiza, daktari alikubali tumwache Ndengu kizimbani kwa muda kabla ya kumzika. Chapati alimnusa masikio, akamsukuma kidevu kwa pua mara tatu au nne kama alivyozoea kumwamsha, kisha akakaa kando yake bila kutikisika. Baada ya saa moja hivi aliondoka mwenyewe, akaenda kwenye chupa ya maji, nasi tukautoa mwili tukauzika chini ya mpera nyuma ya nyumba. Siwezi kusema ni nini hasa mnyama huelewa mbele ya mwili wa mwenzake. Ninachoweza kusema ni kwamba hakuhangaika kumtafuta ndani ya vibanda vyao, kama nilivyohofu angefanya iwapo ndugu yake angetoweka tu usiku.

Huzuni yake ilijitokeza kwenye chakula. Jioni ya siku ya pili nilikaa sakafuni nikimtazama: alichukua unyasi mmoja, akautafuna mara mbili, kisha ukabaki ukining'inia mdomoni mwake huku macho yakiwa wazi na mwili umejikunja kwenye ile pembe waliyokuwa wakilala pamoja. Mtoto wangu mdogo alipofungua mfuko wa dania jikoni, sauti ambayo siku zote humfanya Chapati apige kelele za kudai, kizimba kilibaki kimya. "Mama, leo hajaniita," aliniambia.

Hapo ndipo pa kuwa macho, kuliko mahali pengine popote katika jambo hili. Utumbo wa simbilisi umeumbwa kwa ajili ya nyasi zinazoingia mchana na usiku bila kukatika, na zisipoingia, utumbo hupunguza mwendo, gesi hujaa, maumivu humfanya azidi kukataa chakula, na mnyama aliyekuwa mzima juzi anaweza kufa kesho kutwa. Akikaa karibu nusu siku bila kula, hiyo ni dharura ya daktari, si jambo la kungoja huzuni ipungue. Kwa hiyo nilitoa mizani ya jikoni na daftari la shule lililobaki nusu, nikawa nampima kila asubuhi kabla ya kumpa mboga. Siku ya kifo alikuwa na gramu 1,040. Siku ya tatu alikuwa na gramu 985, na vinyesi vyake vilikuwa vimepungua, vidogo na vikavu.

Kwa ushauri wa daktari, nilisaga chakula cha vidonge, nikakiloweka kwa maji ya uvuguvugu mpaka kikawa uji, nikamlisha kwa sirinji isiyo na sindano, nikiipitisha pembeni mwa mdomo nyuma ya meno ya mbele, kidogo kidogo, nikingoja atafune na kumeza kabla ya kuongeza. Kumsukumia uji kwa haraka kunaweza kuupeleka kwenye mapafu. Niliongeza pilipili hoho kila siku, kwa sababu simbilisi, kama sisi binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini, na asiyekula huishiwa nayo upesi. Nyasi kavu za Boma Rhodes nilizibadilisha mara mbili kwa siku, maana alivutiwa na harufu ya robota lililofunguliwa upya. Kizimba nilikisafisha kwa sehemu tu, nikiacha kitambaa kimoja chenye harufu ya Ndengu, na usiku nikamwongezea blanketi zito, kwani mwili uliokuwa ukimpa joto haukuwapo tena. Siku ya sita alipanda hadi gramu 1,010, nikaweka sirinji kando.

Hata hivyo, kula si kupona. Mababu wa simbilisi waliishi kwa makundi katika nyasi za milima ya Andes, na Uswisi, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2008, hairuhusu kumfuga mmoja bila mwenzake. Jirani yetu, kwa nia njema kabisa, alinishauri nimweke pamoja na sungura wake. Nilimshukuru nikakataa: teke la sungura linaweza kumvunja simbilisi mfupa, na sungura hubeba bakteria wa mapafu ambao wao huenda wasiwadhuru lakini humwangusha simbilisi.

Tulipata dume mdogo wa wiki saba kutoka kwa mfugaji wa Njoro. Nilimkagua jinsia mwenyewe, kisha akakaa wiki mbili katika chumba kingine tukimwangalia macho, pua na ngozi. Siku ya kuwakutanisha tulichagua chumba cha watoto, ambako Chapati hakuwahi kukanyaga, tukatandaza shuka, tukarundika nyasi katikati na kuweka maboksi mawili, kila moja likiwa na milango miwili ili asiwepo wa kubanwa ndani. Chapati aliguruma, akatikisa kiuno, akamfuata mdogo huku na huku na kumpanda mgongoni. Hayo yote ni kawaida, na kuwatenganisha mapema ni kuwarudisha mwanzo. Nilikuwa na taulo mkononi kwa ajili ya dalili nyingine: manyoya ya shingoni kusimama, meno kugongana kwa kasi, vichwa kuinuliwa juu na mmoja kurukia kuuma. Hazikutokea. Baada ya saa mbili walikuwa wakila kutoka rundo moja, nasi tukawahamishia pamoja katika kizimba kilichooshwa chote na kupangwa upya.

Mdogo watoto wamemwita Njahi. Jumamosi iliyopita Chapati alikuwa na gramu 1,055, na asubuhi hii nilipofungua dania, alinipigia kelele kabla mfuko haujafunguka vizuri, na mdogo naye akaanza kujaribu sauti ileile nyuma yake.