Farasi wa Maji Aliyelelewa Bafuni

Jumapili, usiku

Jana tumemaliza The Water Horse, riwaya ya watoto ya Dick King-Smith iliyotoka mwaka 1990, na binti yangu akalala bila kudai hadithi nyingine. Kwake hilo si kawaida. Mimi ndiye niliyebaki macho, nikirudia kurasa za katikati, zile ambazo msomaji mwenye haraka ataona hazina jambo kwa kuwa watu wamo humo wanahangaika tu na chakula cha mnyama na mahali pa kumweka.

Kisa chenyewe hakina mafumbo. Ni mwaka 1930, kwenye pwani ya Uskoti. Dhoruba imevuma usiku kucha, na asubuhi Kirstie na mdogo wake Angus wanaokota ufukweni kitu kinachofanana na ganda la yai la papa, ila hiki ni kikubwa mno. Wanakibeba hadi nyumbani na kukitia majini, kwenye beseni la kuogea la familia. Kunakucha, mna kiumbe kimeanguliwa. Babu yao, ambaye wamezoea kumwita Grumble kwa jinsi anavyonung'unika, ndiye anayekitambua: huyo ni farasi wa maji, yule wa hadithi za kale. Wanampa jina la Crusoe, maana naye, kama Robinson Crusoe wa riwaya ya zamani, ametupwa pwani na mawimbi. Tangu hapo kitabu kizima ni malezi. Bafu linakuwa dogo, anahamishiwa kwenye kidimbwi cha samaki wa mapambo uani. Kidimbwi nacho hakimtoshi, anatafutiwa ziwa dogo. Ziwa dogo halimtoshi, na safari yake inaishia Loch Ness, ziwa kubwa la Uskoti.

Nimesoma vitabu kadhaa vya aina hii na binti yangu, vya mtoto anayepata yai au kinda la ajabu. Vingi vina mapatano ya chinichini: mtoto atateseka kidogo, kisha mnyama atamlipa. Joka likikomaa litambebea vita vyake, litampaisha angani mbele ya waliokuwa wakimcheka, litamfanya mteule. Crusoe halipi. Hapigani na mtu kwa niaba ya Kirstie wala hamwambii siri yoyote. Anakula, anaongezeka urefu, anataka maji mengi zaidi. Nami naona hapo ndipo penye ukubwa wa kitabu hiki kidogo, kwa sababu mtoto anayekisoma anaelezwa kulea kulivyo kabla hajafikia umri wa kulea mtu. Unaamka unawaza atakula nini. Ukishapata jibu la leo, yeye amekwisha kukua na jibu limepitwa.

Ukijua maisha ya mwandishi huwezi kushangaa. King-Smith alizaliwa mwaka 1922 katika mkoa wa Gloucestershire, Uingereza, akapigana Vita Kuu ya Pili nchini Italia na kujeruhiwa huko, kisha akawa mkulima kwa takriban miaka ishirini. Shamba halikumpa faida. Akaenda kusomea ualimu na kufundisha shule ya msingi, na kitabu chake cha kwanza kikatoka mwaka 1978, wakati amekwisha kupita hamsini. Hadi anafariki mwaka 2011 alikuwa ameandika zaidi ya vitabu mia moja, kikiwemo The Sheep-Pig, kile kilichozaa filamu ya Babe. Mtu aliyelisha nguruwe na ng'ombe alfajiri za baridi hawezi kuandika kwamba mnyama anaishi kwa mapenzi matupu. Katika Crusoe naona macho ya mfugaji: anatazama kwanza kama mnyama amekula, kama maji yake ni safi, kama amekuwa mzito kuliko juzi. Upendo wa watu wa nyumba ile unaonekana humohumo, hakuna anayehutubia juu yake.

Lakini lililonishika zaidi ni ujasiri wake wa kumchukua kiumbe huyu hasa. Waskoti wa zamani hawakumpenda farasi wa maji hata kidogo. Katika masimulizi yao kelpie, farasi wa maji wa mtoni, hutokea kando ya mto akiwa farasi mzuri, mpole, amesimama kana kwamba anangoja mpandaji. Watoto wakimpanda mgongoni mikono yao inagandamana naye, hawawezi kushuka, naye anazama nao. Kwa Kigaelic, lugha ya kale ya huko, kuna yule wa maziwani na baharini, each-uisge, anayeogopwa kuliko huyo wa mtoni. Naamini wazazi waliyasimulia hayo kwa sababu moja ya haki kabisa, maji ya nchi ile ni baridi na yana kina, na mtoto akiyachezea anakufa. King-Smith anamchukua huyo muuaji wa watoto na kumweka mikononi mwa mtoto, akiwa mchanga, mwenye njaa, asiyeweza kujitafutia. Hakuifuta hadithi ya mababu. Alijiuliza tu kama kuna mtu aliyewahi kumlea huyo kiumbe.

Sisi tunaishi Glasgow, huku huku Uskoti, kwa hiyo Loch Ness si jina la vitabuni tu kwetu. Wakati wa likizo tulipanda basi hadi Inverness, na kutoka pale basi jingine hadi Drumnadrochit, tukashuka na kutembea kuelekea magofu ya ngome ya Urquhart. Ziwa lile ni jembamba na refu, kilomita 37 hivi, na kina chake kinafika karibu mita 230. Maji ni meusi. Si machafu, ni udongo wa mimea iliyooza unaoletwa na mito kutoka vilimani, unayatia rangi kiasi kwamba ukitazama hatua chache tu kwenda chini huoni tena kitu. Inasemekana, na wapimaji wamethibitisha, kwamba maji yake ni mengi kuliko ya maziwa yote ya England na Wales yakijumlishwa. Binti yangu alisimama ukutani kwa muda mrefu. Wakati ule tulikuwa bado tuko katikati ya kitabu, Crusoe yuko kwenye ziwa dogo, na yeye alikuwa anapima. "Mama," akaniambia, "hapa atatosha."

Nilifurahi kwamba alisema atatosha, hakusema ataonekana. Watu wengi wanaokwenda pale wanataka kuona, kuliona lile dude linalosemwa kuishi ziwani humo. Mwaka 1933 ndipo gazeti la Inverness Courier lilipochapisha habari ya kitu kikubwa kinachovuruga maji, na mwaka uliofuata Daily Mail likatoa ile picha mashuhuri ya shingo iliyochomoza juu ya mawimbi. Ilichukua miaka sitini hivi hadi ikajulikana wazi kwamba ilikuwa sanamu iliyobandikwa juu ya nyambizi ya kuchezea. Riwaya imeanza mwaka 1930 kwa makusudi. Inawapa Kirstie na nyumba yao nafasi ya kumaliza kazi kabla ya kamera kufika. Hayo yote ya magazeti yanakuja wakati Crusoe ni mkubwa na hahitaji mtu, na wanaomjua hawasemi. (Filamu ya mwaka 2007 ilisogeza mambo hadi wakati wa vita, ikaongeza wanajeshi na mizinga. Tuliitazama, ni nzuri kwa macho, lakini malezi yamepungua na kishindo kimejaa.)

Nilipokuwa mdogo Kondoa, bibi alinikabidhi mwana-mbuzi aliyefiwa na mama yake. Nilimnywesha maziwa kwa chupa, akanifuata hadi mlangoni, akalia nisipoonekana. Akakua, akaachishwa, akajiunga na kundi. Siku moja walipita njiani nikamwita, akaendelea kula majani. Nililia, na bibi akaniambia, "Mjukuu wangu, si ndiyo kazi uliyopewa?" Sijawahi kuipata tena ile hali kwenye maandishi hadi nilipoikuta kwenye kitabu hiki, pale watu wanaompenda Crusoe wenyewe ndio wanaomtafutia ziwa lililo mbali nao. Hakuna adui anayewanyang'anya. Ni hesabu tu ya ukubwa wa mwili na ukubwa wa maji, na wanaipiga wenyewe.

Binti yangu ana swali, amelibeba tangu jana. Leo wakati wa chakula cha mchana amelitoa.

"Mama, kwani Crusoe anajua kwamba walimpenda, au anajua tu kwamba walimlisha?"

"Wewe unaonaje, mwanangu?"

Amesema hajui, ila angependa kujua kama Kirstie alikuwa anaenda kumtazama alipokuwa mtu mzima, na kama alikuwa anamwita kwa jina au anasimama tu. Mimi nasema alikuwa anamwita. Yeye anasema hapana, angemletea watalii. Tumebishana hadi vyombo vikaisha kuoshwa, na hajakubali. Anataka turudi Drumnadrochit mwezi wa nne shule zikifungwa, na safari hii tuende hadi ng'ambo ya kusini, upande wenye barabara ndogo na watu wachache, kwa sababu anaamini Kirstie angechagua upande ule. Nimeshaanza kutafuta nauli.