Nafua suruali zisizochafuka

Saa nazitaja za Kiswahili, msinisahihishe. Ninaishi mji mmoja wa katikati ya Marekani na nafanya kazi kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha timu ya besiboli ya daraja la Triple-A, ngazi moja tu chini ya Ligi Kuu. Timu siitaji kwa sababu kazi bado naitaka. Jana Jumatano niliandika siku nzima kwenye simu, kidogo kidogo, kila nilipopata nafasi.

Saa 4:00 asubuhi. Naamka na kumpigia mama Muheza. Kwake ni saa 12 jioni.
"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Bado unafua nguo za wanaume?"
"Bado."
"Na wanakulipa?"
Anacheka mpaka anakohoa. Nimeshachoka kumweleza.

Saa 6:00 mchana. Nafika uwanjani. Mama wa Uvira, Mkongo ninayefanya naye kazi, ameshanitangulia, anakunja mataulo. Yeye husema kuosha, mimi husema kufua, tunaelewana. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma mechi kwa kuangalia nguo. Mwenye udongo mwekundu ubavuni aliteleza kuwahi besi, kituo anachokimbilia mpigaji. Mwenye magoti ya kijani ni mchezaji wa nje aliyedaka mpira chini. Halafu kuna suruali saba au nane zinazorudi safi kama zilivyotoka, labda ganda la mbegu ya alizeti mfukoni. Hizo ni za warushaji wa akiba.

Kwa asiyejua: mechi ina awamu tisa, na katika kila awamu timu hupiga kwa zamu, kila moja mpaka wapigaji wake watatu watolewe. Mrushaji ndiye anayemtupia mpigaji mpira. Anayeanza mechi akishatupa mipira tisini hivi, mkono unachoka, na wapigaji wameshamzoea. Ndipo wanaingizwa hawa wa akiba, mmoja mmoja. Ni sawa na kuingizwa dakika ya 88 Simba na Yanga wakiwa sare, na kazi ya kwanza unayoikuta ni penalti.

Saa 7:30 mchana. Warushaji wanaanza kuingia. Wa kwanza siku zote ni mmoja ninayemwita Mrefu. Mechi ni saa 12:35 jioni, na huenda asiguse mpira kabisa, lakini saa tano kabla yuko hapa anavuta kamba za mpira kulegeza bega. Ana miaka 29. Ndani ya kiwiko ana kovu kama mdudu tandu, nalo lina historia yake: mwaka 1974 daktari Frank Jobe alichukua kano ya mkono mmoja wa mrushaji Tommy John akaipandikiza kwenye kiwiko cha mkono wa pili. Wengi walidhani mtu yule amekwisha. Alirudi 1976 na kushinda mechi nyingine 164. Leo upasuaji wenyewe unaitwa kwa jina la mgonjwa, si la daktari, jambo ambalo hunichekesha. Mrefu naye alifanyiwa huohuo, akakaa nje miezi kumi na sita.

Amewahi kupanda Ligi Kuu. Siku tisa. Akarudishwa.

Hesabu yake ni hii. Kima cha chini cha Triple-A kwa mkataba uliosainiwa 2023 kilianzia dola 35,800 kwa mwaka. Kima cha chini cha Ligi Kuu kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000, yaani zaidi ya dola 4,000 kwa kila siku ya msimu. Siku tisa kule juu zinafikia mshahara wa mwaka mzima wa kijana anayekaa kabati la jirani, ambaye hajapanda hata siku moja. Wote wawili wanakula wali na kuku uleule ninaoupanga mimi mezani.

Saa 9:00 alasiri. Napaka mipira tope. Ndiyo, tope. Mpira mpya unateleza, kwa hiyo kila mmoja husuguliwa kwa tope la kingo za mto Delaware, ambalo huletwa kwenye kopo. Tunapaka madazeni kwa madazeni. Mama yangu wa Muheza akijua na hili, atanipandia ndege.

Saa 12:35 jioni. Mechi inaanza. Nabeba maji na mataulo hadi bulpeni, kijiuwanja cha pembeni wanakopashia mikono, na mara nyingi nakaa hukohuko. Watu wanane benchi moja. Awamu za kwanza ni utani na mbegu za alizeti. Wanabishana kuhusu samaki. Kuanzia awamu ya tano sauti zinashuka, na kila mtu anakaa kwa namna ya kuiona simu ya ukutani, ambayo kocha hupiga akimtaka mtu, bila kuonekana anaitazama.

Wageni wakiambiwa habari za warushaji wa akiba wanamfikiria Mariano Rivera, Mpanama aliyefunga mechi 652, yaani kuzimalizia timu yake ikiwa inaongoza, na kuingia Jumba la Mashujaa wa besiboli mwaka 2019 kwa kura zote 425. Sawa. Lakini hata Rivera alipandishwa Ligi Kuu kama mrushaji wa kuanza. Karibu kila mtu kwenye benchi hili aliwahi kuanza mechi, na siku moja akaambiwa hatoshi kwa kazi ile.

Saa 2:05 usiku. Simu inalia. Mrefu. Anasimama, anatupa mipira ishirini kwa nguvu zote. Aliyeko uwanjani anajinasua. Mrefu anarudi kukaa. Mipira ile ishirini haiandikwi popote. Inahesabiwa begani tu.

Saa 2:45 usiku. Awamu ya nane, 3–3. Kijana wa kabati la jirani ndiye anayetupa, ameshamtoa mpigaji mmoja, lakini ameacha wapinzani wawili besi ya pili na ya tatu. Simu inalia. Mrefu tena.

Anakwenda mbio. Tangu sheria ya 2020 mrushaji akiingia lazima akabiliane na wapigaji watatu, au awamu iishe, kwa hiyo hakuna kujificha. Mpira wake wa kwanza unapigwa katikati ya mabeki. Wale wawili wa kwenye besi wanarudi nyumbani, besi ya mwisho, kila mmoja na alama yake. 5–3 kwao.

Anayefuata anamtoa kwa mipira mitano. Na wa tatu, mitano. Jumla kumi na moja, dakika chache, basi.

Na hapa ndipo ninapotaka mnielewe. Alama zile mbili haziandikwi kwa Mrefu. Anaandikiwa aliyewaacha watu kwenye besi, yaani kijana. Kushindwa kwa mechi nako ni kwa kijana. Mrefu ametupa theluthi mbili za awamu bila alama hata moja, wastani wake wa alama anazoruhusu umekuwa mzuri zaidi kuliko asubuhi, na wale wa juu wanaoamua nani apande husoma karatasi.

Saa 3:30 usiku. Chumba kimya. Tumeshindwa. Kijana anakula akiwa ameinamia sahani. Mrefu anapita nyuma yake, anaweka mkono begani, anasema neno moja ambalo sikulisikia. Kijana anatikisa kichwa bila kugeuka. Baadaye naona Mrefu ameacha barafu yake inayeyuka, hajaifunga kiwikoni.

Saa 5:40 usiku. Mashine ya tatu. Mama wa Uvira anainua suruali, anaigeuza mbele na nyuma chini ya taa.
"Huyu alicheza leo?"
"Alicheza, mama."
"Mbona iko safi?"
Naitazama namba. Kwenye mfuko wa nyuma kuna maganda matatu ya alizeti. Nayatoa, nayatupa.
"Tia tu, mama," namwambia, na yeye anaongeza sabuni.