Nguzo iliyosahauliwa tabaka la juu

Kasese, jioni, mvua imekatika

Uganda haina mgodi wa makaa ya mawe. Lakini ukikaa Kasese, karibu na milima ya Kilembe iliyotobolewa kwa ajili ya shaba, hesabu za wachimba makaa hazikutoki kichwani. Makaa hulala kwa matabaka, mwamba katikati. Ukichimba moja, jingine linapata habari.

Anza na tabaka moja. Kina mita 100, nguzo za mraba za mita 12, yaani makaa yaliyoachwa bila kukatwa ili yashike dari, na njia za mita 6. Kila nguzo inabeba mlima ulio juu yake pamoja na sehemu yake ya mlima ulio juu ya njia: takriban megapaskali 5.6 (kipimo cha mgandamizo). Kwa kanuni ya nguvu za nguzo ya watafiti Salamon na Munro wa Afrika Kusini ya 1967, nguzo hiyo ikiwa na kimo cha mita 3 inahimili kama 10.9. Uwiano wa nguvu kwa mzigo ni 1.9, na Afrika Kusini walizoea 1.6. Salama. Sasa mtu anaona makaa mazuri yamebaki darini, anayakata hadi kimo kifike mita 4.5. Nguvu inashuka hadi 8.4, uwiano 1.5, na upana wa nguzo haujapungua hata kidole. Mgodi wa makaa wa Coalbrook, Afrika Kusini, Januari 1960, dari lilikatwa hivyohivyo. Nguzo mamia zikaporomoka, watu 435 wakabaki chini. Kanuni yenyewe ilizaliwa baada ya msiba huo.

Yakiwa matabaka mawili, pima kwanza unene wa mwamba wa kati. Kutoka kitovu cha nguzo hadi kitovu cha nguzo jirani hapa ni mita 18. Mwamba ukiwa chini ya robo tatu ya hizo, yaani mita 13.5, nguzo za chini zikae wima chini ya za juu. Zikipishana, nguzo ya juu inakandamiza katikati ya njia ya chini, na dari la njia ndilo linalolipa. Kama makaa yanatolewa yote, heri kushuka toka juu: ukianza chini, tabaka la juu linazama na kupasuka kabla hujalifikia.

Kinachonitisha zaidi ni nguzo moja iliyoachwa peke yake katikati ya eneo lililokwisha kuporomoka. Mzigo wote wa jirani umeikimbilia, nayo inausukuma chini kama kisigino. Watafiti wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, walionyesha kuwa nguzo za namna hiyo ni mbaya kuliko mpaka wa kawaida kati ya eneo lililochimbwa na makaa mazima, na kwamba kuchimba juu ya tabaka lililokwisha chimbwa ni kugumu kuliko kuchimba chini yake.

Kwa hiyo ramani ya juu inawekwa juu ya ramani ya chini kabla ya kukata njia hata moja. Panapopita chini ya nguzo zilizobaki juu, njia zipunguzwe upana na idadi, boliti za dari, vyuma vinavyopigwa mwambani kuushikilia, ziwe ndefu na za karibu, na magogo ya akiba yawepo. Kuta zikibabuka, sakafu ikivimba, dari likianza kulia, watu watoke. Kupima kutafanywa baadaye. Na maji: mashimo ya zamani hujaa, kwa hiyo toboa tundu jembamba mbele kwanza.

Kwenye mashimo ya dhahabu ya Busia kina ni kifupi na hakuna tabaka la makaa, ila shimo la jana lisilochorwa popote linakaa ubavuni mwa shimo la leo. Kamba, vigingi na daftari la kurasa mia vingetosha kuanzia.