Samaki "kumi" wa Bilwi

Basi kutoka Managua lilinitua Bilwi alfajiri, vumbi limenijaa hadi kwenye kope. Ramani nyingi huuita mji huu Puerto Cabezas. Uko pwani ya Karibi ya Nikaragua, na ukitoka stendi tu Kihispania kinaanza kuchanganyika na Kimiskito, lugha inayozungumzwa hapa na ng'ambo ya mpaka, Honduras.

Mama mwenye nyumba ya wageni ndiye aliyekuwa mwalimu wangu wa kwanza. Asubuhi ananiita "Naksa!", kisha "Nahki sma?", yaani hujambo, u hali gani? Najibu "Pain." Shukrani ni "tingki pali". Ukisikia harufu ya Kiingereza hapo hujakosea: Wamiskito walifanya biashara na Waingereza tangu karne ya 17. Ng'ombe wanamwita "bip", neno ambalo kwa Mwingereza ni nyama iliyo tayari kwa sufuria. Maskini ng'ombe, kabatizwa jina la kitoweo chake angali hai!

Aibu ilinikuta sokoni. Nilitaka samaki, nikasema "inska", neno nililokuwa nimelikariri njia nzima. Muuzaji akauliza, "Kumi?"

Samaki kumi, mtu peke yangu? Nikatikisa kichwa, nikainua kidole kimoja.

"Au, kumi," akasema, akatabasamu.

Au kumi! Nikadhani ananibembeleza niongeze. Nikainua kidole tena, naye akarudia yale yale, hadi kijana wa meza ya pili akatuamulia kwa Kihispania. Kumbe "au" ni ndiyo, na "kumi" ni moja. Mama wa watu alikuwa akinikubalia muda wote.

Jioni nikadai nifundishwe kuhesabu sawasawa: kumi, wal, yumhpa, walhwal, matsip, matlalkahbi. Nne ni mbili-mbili, rahisi. Ukifika sita, saba unaijenga juu yake: "matlalkahbi pura kumi", sita na moja juu. Irabu hazinisumbui, maana msingi wake ni tatu tu: a, i, u. Kinachonitoa jasho ni nomino kubadilika ikipata mwenyewe. Nyumba ni "utla", lakini nyumba yangu ni "watli" na yako "watlam". Kitenzi nacho hukaa mwisho wa sentensi, basi nasubiri hadi mwisho ndipo nijue nimeambiwa nini.

Ila somo nililolipenda ni la "sisi". Kwetu sisi ni sisi tu, msikilizaji ajitafutie mwenyewe kama yumo. Wao wanazo mbili: "yang nani" ni sisi bila wewe, "yawan" ni sisi pamoja nawe.

Usiku wa mwisho familia ilikuwa ikinywa wabul, uji mzito wa ndizi zilizopondwa na tui la nazi. Mama akasema jambo refu lililonipita lote, isipokuwa neno moja: yawan. Nikasogeza kiti.