Vyote Viwili, Papa

Wiki hii mahari ya Yaya, dada yangu mkubwa, imepokelewa na ofisi yetu imehamia Kampemba, hapa Lubumbashi, lakini kinachonikosesha utulivu ni maneno ambayo kocha wa mpira wa kikapu alimwambia mtoto wa dada yangu Jumapili, kwenye uwanja wa parokia, mbele ya wazazi wote.

Mnamjua: ndiye yule aliyekataa kunyolewa kabla ya komunyo. Alisimama kwenye mstari wa mtupo huru, akafanya ishara ya msalaba, akajigonga kifuani, akanyoosha kidole mbinguni, na mpira ukagonga pete ukatoka nje. Kocha akapaza sauti: «Mwana, unamwomba Mungu ama unaiga televisheni?» Mtoto akajibu bila kugeuka: «Vyote viwili, Papa.» Watu wakacheka sana.

Mimi sikucheka. Tangu hapo swali hilo linanirudia nikipanga majalada, linanirudia nikichambua sombe, yaani majani ya muhogo, na kila mara ninamtungia mtoto jibu kali kuliko lile alilotoa. Kocha aliongeza kwamba Bismack Biyombo, mzaliwa wa mji wetu huu aliyefika NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, alitoa mshahara wake wa msimu mzima katika timu ya Phoenix ili hospitali ijengwe Kongo kwa kumbukumbu ya baba yake, na kwamba sala ni hiyo. Sawa. Lakini hata tendo hilo jema tulilijua mwaka 2022 kwa kupitia simu zetu, wala sikumsikia mtu akiuliza kama Biyombo anaigiza.

Stephen Curry, nyota wa NBA ambaye mtoto anamwiga, alikuwa akiandika maneno ya Wafilipi 4:13 kwenye viatu vyake tangu chuoni, na baadaye namba hizo zikaingia kwenye viatu vinavyouzwa kwa jina lake. Kwangu aya haipungui kwa kuuzwa, ingawa nakubali kwamba mwenye duka hakula hasara.

Ninayemfikiria zaidi ni Mahmoud Abdul-Rauf, aliyecheza timu ya Denver, kwenye ligi hiyohiyo, pamoja na Dikembe Mutombo, Mkongo wetu. Mwaka 1996 ilijulikana kwamba hasimami wimbo wa taifa wa Marekani unapopigwa, kwa kuwa dhamiri yake ya Kiislamu ilimkataza; ligi ikamfungia mechi moja bila mshahara, mpaka walipoafikiana kwamba atasimama, atainamisha kichwa na kuomba. Yaani sala yake ilipokelewa ilipochukua umbo ambalo halikumuudhi mtazamaji, na hata hivyo mwaka huohuo Denver ikampeleka timu ya Sacramento. Curry akinyoosha kidole, anapigiwa makofi.

Jana jioni nilimfuata mtoto uani, nikiwa na hotuba nzima ya kumfariji. Alikuwa anasugua viatu vyake kwa mswaki wa zamani. «Mama mdogo,» akaniambia, «nikifanya vile namkumbuka Mungu, halafu namkumbuka Curry, halafu mikono inaacha kutetemeka.» Nikamuuliza mbona basi mpira haukuingia. «Ile ilikuwa mikono, si Mungu.» Nikacheka hadi Mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini, na hotuba yangu ikaishia hapo.

Sasa mfuko wa unga umepanda bei tena, na wakwe wa Yaya wanarudi Jumamosi na shangazi zao wote. Sijui bukari ya watu wale tutaisonga kwa unga gani.